Kabla ya kuamini ripoti, uliza takwimu zake ni za saa ngapi

KILA mfanyabiashara wa mpakani analijua swali hili: "Bei hiyo ni ya lini?" Mwambie mtu aliyesimama Rusumo kwamba mchele wa Kahama umeshuka bei. Hatafungua pochi yake kabla hajakuuliza umesikia lini na umesikia kwa nani. Kama ni habari ya juzi, atacheka kisha atapiga simu mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa katika kazi hii.

Cha kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, ukimweka mbele ya kompyuta na kumwonyesha ripoti yenye picha za rangi, nguzo zinazopanda na kushuka na tarakimu kubwa katikati ya ukurasa, husahau swali lake. Huona tarakimu, akaamini. Nakiri kwamba nami nilikuwa mmoja wao, na usahaulifu huo ulitugharimu.

Siku hizi si mabenki na makampuni makubwa peke yao yanayotumia ripoti za aina hii. Vyama vyetu vya ushirika na hata wenye maduka wa kawaida nao wanauziwa. Programu ijulikanayo zaidi ni Power BI ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa rasmi kwa watumiaji Julai 2015, na ndiyo tuliyoletewa sisi. Kazi yake ni kukusanya takwimu za mauzo, ghala na madeni kutoka zilikohifadhiwa na kuzionyesha kwa picha ambazo hata asiye mhasibu anaweza kuzisoma. Hakuna ubaya katika hilo.

Ubaya ni kwamba anayetuuzia hutueleza habari za rangi, akatueleza na bei, lakini hatuelezi takwimu zinafikaje kwenye skrini na zinakaa wapi kabla ya kufika. Nionavyo mimi, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza.

Chama chetu huleta mchele kutoka Kahama na kuuweka katika ghala dogo karibu na mpaka, kisha wanachama, wengi wao akina mama, huuza Kigali. Tuliagiza ripoti ili aliyeko sokoni Kimironko aweze kuona kwenye simu yake ghala lina magunia mangapi. Jumatatu moja ripoti ilionyesha magunia 180 ya kilo 100 kila moja. Juu ya ukurasa paliandikwa tarehe ya siku ile ile. Mama yetu mweka hazina akapokea malipo ya awali ya magunia 100 kutoka shule moja. Lori lilipofika ghalani, lilikuta magunia 30.

Hapakuwa na wizi wala uongo. Magunia yale 150 yalikuwa yameuzwa kihalali kati ya Alhamisi na Jumamosi, na karani aliyaandika yote kwenye kompyuta yake. Ni ripoti tu iliyokuwa haijui.

Tulipochunguza tulikuta mambo ya aibu. Ripoti yetu ilikuwa ikichukua nakala ya takwimu za ghala mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kupitia kompyuta moja kuukuu iliyowekwa pembeni ifanye kazi ya lango. Alhamisi alfajiri mlinzi aliona umeme wa Cash Power unakaribia kwisha. Akatazama huku na huku, akaona kompyuta ambayo hakuna anayeikalia, akaichomoa. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake. Nakala ya Alhamisi asubuhi ikashindikana, ya jioni ikashindikana, na zote mbili za Ijumaa hali kadhalika.

Jumamosi asubuhi umeme ulinunuliwa na kompyuta ikawashwa tena. Tungedhani mambo yangejirekebisha. Lakini programu ile ina kanuni yake: nakala ikishindikana mara nne mfululizo, ratiba nzima husimamishwa mpaka mtu aingie na kuiwasha upya. Ujumbe wa kutahadharisha ulitumwa kwenye anwani ya fundi aliyetengeneza ripoti, si kwetu, na fundi alikuwa kwenye kazi nyingine. Kwa hiyo Jumatatu tulikuwa tunasoma hesabu za Jumatano jioni.

Na ile tarehe ya juu? Ile ilikuwa siku ya kufungua ukurasa, si siku ya takwimu. Ungeifungua ripoti ile baada ya mwaka mzima, ingekuandikia tarehe ya siku hiyo bila haya.

Shule ilipata mchele wake. Tuliununua kwa mfanyabiashara mwingine kwa bei ya juu, na tofauti ikatoka kwenye akiba ya wanachama, akiba ambayo mwezi ule ilikuwa ikopeshwe kwa akina mama watatu. Wale walisubiri. Biashara ndogo ya mpakani ikisubiri mwezi mmoja bila mtaji, wasomaji wenzangu mnajua maana yake.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa jambo hili, na nimegundua kwamba si gumu kama mafundi wanavyolifanya. Tunalijua tayari, ila kwa majina mengine.

Mwenye duka anaweza kujua bei za Kahama kwa njia mbili. Anaweza kunakili bei zote kwenye daftari lake mara moja asubuhi, kisha kutwa nzima akawa anasoma daftari. Au anaweza kutoandika chochote, na kila mteja anapouliza, akapiga simu Kahama. Daftari ni la haraka na halili salio la simu, lakini bei ikibadilika saa nne, daftari halitajua. Simu inakupa bei ya sasa hivi, lakini kila swali lina gharama, mteja anasubiri, na mtandao ukikatika huna jibu lolote.

Ripoti za kompyuta ni hivyo hivyo. Katika Power BI njia ya daftari imeandikwa Import. Programu huchukua takwimu, huzibana na kuziweka katika kumbukumbu yake yenyewe. Microsoft huwaeleza mafundi kwamba takwimu za gigabaiti 10 zinaweza kubanwa zikabaki kama gigabaiti 1. Ndiyo maana ripoti ya namna hii hufunguka upesi hata kama miaka mitano ya mauzo imo ndani. Lakini kwa leseni ya kawaida iitwayo Pro, ambayo kuanzia Aprili 2025 bei yake ilipanda kutoka dola 10 hadi dola 14 kwa mtu kwa mwezi, ratiba ya kuchukua nakala mpya haiwezi kuzidi mara 8 kwa siku. Ukigawa sawasawa, ni mara moja kila saa tatu. Kwa ghala linalopakia malori, saa tatu ni nyingi.

Njia ya simu imeandikwa DirectQuery. Hapa programu haibebi takwimu zenyewe, inajua tu majina ya majedwali na mahali yalipo. Kila unapofungua ukurasa au kuchagua mwezi mwingine, hutuma swali kwenye kompyuta yenye takwimu na kusubiri jibu.

Msomaji anaweza kusema: basi tuchague njia ya simu, mambo yaishe. Wauzaji wengi nao huitangaza kwa maneno matamu, "moja kwa moja," "papo hapo," kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Chukua ukurasa wenye picha 10. Kila picha hutuma angalau swali moja. Wanachama 20 wakifungua Jumatatu asubuhi kwa pamoja, ni maswali 200 yanayoangukia kompyuta ile ile ambayo karani anaitumia kuandika mauzo. Malori yanasubiri nje, karani anabofya, kompyuta imeganda kwa sababu sisi tulioko Kigali tunatazama picha. Tutakuwa tumenunua ripoti ya kutuonyesha jinsi kazi ilivyosimama, na sisi ndio tulioisimamisha.

Tena, neno "moja kwa moja" lina mipaka yake. Skrini uliyoifungua asubuhi ukaiacha wazi si lazima ijisahihishe yenyewe. Kama fundi hakuiagiza ifanye hivyo, itakuonyesha majibu ya maswali ya asubuhi. Na mlinzi akichomoa ile kompyuta ya lango, njia hii nayo inakufa. Tofauti ni kwamba inakufa mbele ya macho yako: badala ya tarakimu unaona ujumbe wa hitilafu. Mimi kwa upande wangu naona hilo ni afadhali. Ripoti inayosema "sijui" haijawahi kumpeleka mtu kupokea pesa za magunia ambayo hayapo.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo daftari linayatosha kabisa. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Ukitaka kulinganisha mauzo yako kabla na baada ya miaka hiyo, una haja gani ya kupiga simu kila dakika? Februari 2019 imekwisha pita, haitabadilika tena. Kuuliza upya habari zake kila mtu anapofungua ukurasa ni sawa na kumpigia mzee simu usiku wa manane kumuuliza alizaliwa mwaka gani. Takwimu za zamani zinakiliwe, ziwekwe karibu, zifunguke upesi.

Lakini magunia yaliyomo ghalani yanataka kuulizwa sasa hivi. Kiwango cha kubadilisha faranga na shilingi nacho hakingoji. Mwanachama anayepeleka mzigo wa thamani inayokaribia dola 2,000, kiwango ambacho ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ndicho mwisho wa kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, hawezi kupiga hesabu zake kwa kiwango cha fedha cha wiki iliyopita.

Kwa bahati nzuri hatulazimiki kuchagua njia moja tu. Tangu mwaka 2018 programu ile inaruhusu ripoti moja kuchanganya njia zote mbili, jedwali kwa jedwali. Mauzo ya miaka iliyopita yanakuwa nakala, na hesabu ya ghala inaulizwa moja kwa moja. Orodha zinazohitajika pande zote mbili, kama majina ya bidhaa na ya masoko, huwekwa katika hali ya tatu iitwayo Dual, yaani zinaweza kusomwa kwenye nakala au kuulizwa kwenye chanzo, kulingana na swali lililopo. Ipo pia njia iliyokuja mwaka 2023 pamoja na huduma ya Microsoft Fabric, iitwayo Direct Lake, iliyokusudiwa wenye takwimu nyingi mno waliokwisha kuzihamishia huko. Fundi akiutajia ushirika wa watu 40 njia hiyo, aulizwe vizuri inamfaa nani.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi, nalo ni siri. Ukichagua njia ya nakala, faili ya ripoti hubeba takwimu zenyewe ndani yake. Unaweza kuona picha tatu tu kwenye ukurasa, lakini ndani ya faili mna bei tulizonunulia, majina ya wateja na madeni yao. Mtu akiikopi faili hiyo kwenye flashi na kumpa dalali ili "aone mauzo yetu yanavyopanda," amempa daftari zima. Dalali mwenye ujuzi kidogo ataifungua na kusoma tulinunua Kahama kwa shilingi ngapi, na kuanzia hapo hatutauziana naye kwa bei yetu tena. Jedwali la kuulizwa moja kwa moja halibebwi kwa namna hiyo: asiye na ruhusa ya kuingia kwenye chanzo hapati jibu. Kwa hiyo kuchagua njia ya kuhifadhi takwimu ni kuchagua pia nani anabeba funguo. Si kazi ya kumwachia fundi peke yake.

Halafu kuna suala la saa, ambalo watu wa Rusumo watanielewa upesi kuliko wa Kigali. Ukivuka daraja la Akagera kuelekea Ngara unasogeza saa yako mbele kwa saa nzima. Seva za huduma hii nazo, zisipoelekezwa vinginevyo, huhesabu kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Kigali kwa saa mbili na nyuma ya Tanzania kwa saa tatu. Ripoti ikiandika kwamba takwimu ni za saa 12:00, je, ni saa sita mchana? Kama ni saa ya dunia, Kigali ilikuwa saa nane na ng'ambo ya daraja ilikuwa saa tisa. Saa isiyo na mwenyewe ni hasara nyingine inayosubiri zamu yake.

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tungepaswa kuwa walimu wa jambo hili. Nilizaliwa na kukulia Karagwe. Wazee wetu walioondoka mwaka 1959 walitusimulia kilima chao kila jioni: njia inapita wapi, nani jirani, mti gani mkubwa uko mlangoni. Nilikishika kilima kile kichwani kama nilichokiona. Nilipofika baada ya 1994 nilikitafuta siku nzima. Njia ilikuwa imehama, mti haukuwepo, na jirani alikuwa mtu mwingine. Wazee hawakutudanganya. Walitupa nakala safi ya siku waliyoondoka, na hakuna aliyeweza kuisahihisha kwa miaka 35.

Nadhani kila aliyerudi ana hadithi kama hiyo, ya nyumba au ya shamba, na wengine walifika hata kwenye migogoro kwa sababu ya nakala hizo. Kwa hiyo tunajua kwamba habari inaweza kuwa ya kweli na bado ikakupoteza. Ilikuwa kweli, ila si ya leo. Kwa nini tulijue hilo kuhusu ardhi, tukalisahau kuhusu magunia?

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji shahada ya kompyuta.

Kwanza, kila ukurasa wa ripoti uandikwe siku na saa ya takwimu zenyewe, si ya kufungua ukurasa, na itajwe ni saa ya Kigali au ya Dar es Salaam. Fundi anaweza kufanya hivyo mchana mmoja. Akikuambia haiwezekani, tafuta mwingine.

Pili, kabla ya kutengeneza chochote, wanachama wakae na orodha ya mambo wanayotaka kuyaona, na kwa kila moja waulize: hili hubadilika kila baada ya muda gani, na tukisoma la zamani tutapoteza nini? Linalobadilika kwa mwezi linakiliwe. Linalobadilika kwa saa liulizwe kwenye chanzo. Kama kompyuta ya chanzo haina nguvu za kujibu, basi tukiri hivyo, na kwa jambo hilo tuendelee kumpigia karani simu. Si dhambi.

Tatu, mkataba utaje njia iliyotumika, nakala ngapi kwa siku, na nakala ikishindikana ujumbe unamfikia nani. Angalau mtu mmoja wa chama awe kwenye orodha hiyo, na awe mtu anayejua kuwasha ratiba upya. Vilevile mlinzi aambiwe kompyuta ile ya pembeni ni ya nini. Sisi tumebandika karatasi juu yake, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili: usichomoe.

Nne, asipokee mtu pesa ya mteja kwa kutegemea skrini peke yake. Ripoti ikuambie pa kutazama. Anayehesabu magunia ni binadamu aliyeko ghalani.

Najua wapo watakaosema namlaumu fundi kwa uzembe wetu. Hapana. Fundi alitengeneza alichoombwa, nasi hatukuuliza kwa sababu tuliona aibu kuonekana hatujui. Mama yule mweka hazina, ambaye hakumaliza shule ya msingi, aliniambia baadaye neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, ningekuwa sokoni ningeuliza. Mbele ya mashine niliogopa."

Tusiogope. Swali letu la mpakani ni zuri kuliko swali lolote wanalofundishwa wanaotuuzia programu. Mtu akikuonyesha tarakimu, iwe kwenye karatasi, kwenye simu au kwenye skrini ya ukutani, mwulize tu kama ulivyomzoea dalali wa Kahama: hiyo ni ya lini, na umeitoa wapi? Akishindwa kujibu, funga pochi yako.